Namba ya Kitanda na Namba ya Ukuta

Kisanduku kililetwa wodini kwetu kwa gari la serikali, kimefungwa ndani ya maboksi matatu na kujazwa majani makavu kama mayai yanayopelekwa sokoni. Hospitali yenyewe sitaitaja. Ilikuwa ndogo, kaskazini ya Bagamoyo, nasi tulikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya wanawake, bado kijana, mwenye ulimi mkali na imani kubwa juu ya kila kitu chenye waya.

Fundi alikuja nacho kutoka Dar es Salaam. Alikipachika juu ya meza yetu ya wauguzi, penye mlango wa wodi, akatoboa ukuta na kupitisha waya mpaka kwenye kila nafasi ya kitanda. Kila nafasi ikapata kamba ndefu yenye kitufe mwishoni. Mgonjwa akibonyeza, kengele inalia, na kwenye kioo cha kisanduku zinawaka namba nyekundu: tano, au kumi na moja, au ishirini. Hatukuwahi kuona namba za namna ile, zilizoundwa kwa vijiti vya mwanga. Siku ya kwanza hata watu wa jikoni waliacha masufuria yao wakaja kuzitazama. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Mafunzo yalikuwa ya asubuhi moja. Fundi alituambia bonyezeni hapa, zimeni pale, msikimwagie maji. Akamwachia Sista, mkuu wa wodi yetu, kitabu cha maelezo cha lugha ya kigeni, naye Sista akakitia katika mtoto wa meza, akafunga. Kisha fundi akawahi gari lake.

Sasa lazima nieleze habari ya vitanda vyetu, maana bila hiyo hakuna atakayenielewa, na mimi mwenyewe ilinichukua muda mrefu kujielewa. Vilikuwa vitanda vya chuma vyenye magurudumu. Upande wa miguuni kila kimoja kilikuwa na namba ya rangi nyeupe, iliyopakwa tangu kabla sijaajiriwa, na cheti cha mgonjwa kilining'inia papo hapo chini ya namba. Kwetu namba ilikuwa mali ya kitanda. Ukisema kumi na nne kapandwa na homa, kila mtu alijua ni kitanda gani, popote kilipo. Na vitanda havikukaa mahali pamoja. Paa likivuja tulivisogeza. Mwenye kikohozi kibaya tulimpeleka dirishani. Mtu akifia mahali, anayefuata hakubali kulazwa pale mpaka kitanda chake kisukumwe kando.

Halafu kulikuwa na habari ya kibla. Mgonjwa akishakuwa mahututi, ndugu zake waliomba aelekezwe kibla. Kibla kwetu ni kaskazini, na aliyejenga wodi ile hilo halikumpitia akilini. Kumlaza mtu sawasawa ilibidi kitanda kikae mkingamo, kizibe njia yote. Kwa hiyo tulikitoa barazani, kwenye nafasi na upepo, ndugu wakakaa kukizunguka na misahafu yao. Haikuandikwa popote. Ilikuwa desturi ya wodi, na Sista, ambaye alikuwa Mkristo wa bara, aliiheshimu kuliko baadhi yetu tuliozaliwa hapo.

Siku fundi alipokuja, vitanda vilikuwa vimepangwa kwa mfuatano, moja mpaka ishirini, mashuka yamenyooshwa. Tulivipanga sisi, usiku wa kuamkia siku hiyo, ili wageni wasitucheke. Fundi akaona safu nzuri, akadhani ndivyo tuishivyo, akaufunga ule mfuatano ukutani kwa nyaya zake.

Haikupita wiki mbili mambo yakachanganyika. Kisanduku kinasema tano, unakwenda kitanda cha tano, mwenyewe anakoroma. Tukajizoesha. Kengele ikilia, tulisimama mlangoni tukauliza kwa sauti, "Nani kaita?" Mwenye shida akainua mkono. Hatukukaa chini kutafuta kosa liko wapi. Sista aliuliza mara moja, "Sasa kina faida gani?" Tukacheka wote. Na masika yalipoingia, kwa unyevu na ile chumvi ya pwani inayokula hata bawaba za mlango, kisanduku kililia asubuhi nzima kikionyesha namba tatu, mahali ambapo hakukuwa na mgonjwa wala kitanda. Tangu siku hiyo tukakipa jina la Bi Mdomo, na tukaamini kwamba kina uongo wake.

Lakini mbele za watu wa nje nilikisifia. Ndivyo nilivyokuwa. Aliyezisikia sifa zake kuliko wote ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, aliyekuwa na mimba ya kwanza. Yeye alitaka kujifungulia kwao, kwa bibi mkunga aliyemzalisha mama yake. Mimi nikashika njia kila Ijumaa kwenda kumbishia. Tulikuwa mawifi hasa, wa kutaniana mpaka wapita njia wakadhani tunagombana. Nilimwita mvivu aliyemroga kaka yangu kwa samaki wa kupaka. Yeye aliniita mwali mkongwe niliyekataa waume kwa kupenda sindano. Nilimpenda, na sikupata kumwambia, kwa sababu mawifi hawaambiani hivyo.

Siku moja alipokuja kliniki nilimpitisha wodini nikamwonyesha kisanduku. Akashika kamba, akabonyeza, kengele ikalia, akaruka kwa kicheko huku kashika tumbo.

"Kwa hiyo nikitaka maji ya kunywa nabonyeza, na wewe unakuja mbio?"

"Mbio."

"Hata nikiwashwa mgongo?"

"Hata ukiwashwa mgongo, wifi."

"Basi nakuja. Kaka yako kashindwa kunitafutia mtumishi, nimempata kwa serikali."

Hivyo ndivyo nilivyomshinda yule bibi mkunga, mwanamke aliyekuwa amezalisha nusu ya mtaa wetu. Nilijiona mjanja.

Uchungu ulimshika alfajiri moja, kaka yangu akiwa amesafiri tangu jana yake kwenda Chalinze kufuata magunia ya mahindi. Mama yangu alimleta. Asubuhi hiyo hiyo ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha saba walinijia. Alikuwa bibi mzee wa ukoo wa mabaharia wa Pangani, hali wala hafumbui macho, na mwanawe mkubwa, mtu mzima mwenye kanzu safi, aliniambia kwa adabu, "Mwanangu, tunaona safari imekaribia. Tusaidie tumweke sawa."

Nikamwita mhudumu wa wodi, mama mmoja wa makamo kutoka Miono, hodari kuliko sisi wote. Tukakisukuma kitanda cha saba mpaka barazani, tukamgeuza bibi kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Ndugu wakaanza kusoma Yasini. Nilirudi ndani moyo umetulia, kama mtu aliyetenda jema.

Wifi yangu alijifungua kabla ya adhuhuri, mtoto wa kike, bila taabu kubwa. Mkunga wetu akamtoa chumba cha kujifungulia akiwa juu ya kitanda cha kumi na tisa, na mimi nikatafuta mahali pa kukiweka. Wodi ilijaa. Nafasi moja tu ilikuwa wazi, ile iliyoachwa na kitanda cha saba, ambacho hakikuwa kimehamishwa tangu siku ya fundi, kwenye ukuta unaopakana na baraza. Nikakisukumia hapo. Nikamzungushia pazia la kukunja apate kunyonyesha kwa nafasi, nikashusha kamba kutoka ukutani, nikamtia kitufe mkononi.

"Haya bibi mkubwa, mtumishi wako nipo."

"Niletee mume wangu," akasema. Alikuwa kachoka lakini anacheka. Nilimtazama damu, ilikuwa ya kawaida. Nikamshika tumbo, lilikuwa gumu kama inavyotakiwa. Nikaenda.

Sista siku hiyo alikuwa ameitwa mkutanoni. Tulikuwa mimi na mhudumu kwa wodi nzima. Nilirudi mezani kuandika vyeti, na kila nilipoinua kichwa nilikitupia jicho kisanduku. Nasema hili ili anayenisikiliza asidhani nilimsahau. Sikumsahau. Nilikuwa ninaingojea kumi na tisa. Niliisoma mwenyewe kwenye chuma cha kitanda chake wakati ninakisukuma, na ndiyo iliyokaa kichwani mwangu.

Kengele ikalia. Ikawaka saba.

Nikaondoka haraka kwenda barazani. Sikusimama mlangoni kuuliza nani kaita kama desturi yetu, kwa sababu namba ilikuwa ya mtu anayekata roho na nyuma ya ukuta Yasini inasomwa. Nani apige kelele hapo? Nilipita kando ya pazia la wifi yangu kwa kunyata. Barazani nikamkuta bibi kama nilivyomwacha. Mwanawe akaniambia hawajaita. Nikatazama ukutani, hakuna hata kamba. Kamba zote zilikuwa ndani. Mtu mwenye akili angejiuliza hapo, kamba ya saba iko wapi, na iko mkononi mwa nani. Mimi nilijiambia kwamba Bi Mdomo kaanza tena.

Nilirudi nikaizima namba kwenye kisanduku. Sijakaa, ikawaka tena. Saba. Mhudumu alikuwa anapita na ndoo, akasimama, akaitazama.

"Kitanda hakina kamba, na namba yake inaita," akasema taratibu. "Mwanangu, huyo si mtu. Huyo ni Izraili anapiga hodi. Nenda kakae na yule bibi."

Nilikuwa nimesoma. Nilikuwa na cheti cha uuguzi ndani ya sanduku, nyumbani. Lakini maneno yale yalinishuka mwilini, nikaona kweli, saa imefika. Nikachukua pamba na kikombe cha maji, nikaenda barazani nikapiga magoti kando ya kitanda cha saba, nikawa ninamlowesha yule bibi midomo, tone kwa tone, kama tulivyofundishwa na mama zetu. Mkono wangu mmoja niliuegemeza kwenye ukuta. Upande wa pili wa ukuta ule ndipo kilipokuwa kichwa cha wifi yangu.

Kengele ikalia mara ya tatu, ndefu, haikatiki. Msomaji akajikwaa kwenye aya. Yule mtu mwenye kanzu akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, samahani. Hiyo kengele haiwezi kunyamazishwa kidogo, mama apumzike?"

Nikaenda kuinyamazisha. Kulikuwa na swichi ndogo ubavuni, ya kukata mlio. Nikaikata. Namba ikabaki inawaka bila sauti, saba, nyekundu. Kabla ya kurudi barazani niliitazama tena kwa makusudi, nikaona si kumi na tisa, nikashukuru kwamba wifi yangu amelala.

Sijui ilipita nusu saa au pungufu. Mama yangu alileta uji wa pilipili manga kwa ajili ya mzazi, akamkabidhi mhudumu mlangoni. Mhudumu akaenda nao nyuma ya pazia. Nilisikia bakuli likianguka, na sauti yake ikiniita kwa jina langu, yeye ambaye hakupata kuniita ila mwanangu.

Damu ilikuwa imepita godoro na kufika sakafuni. Ilikuwa ya kimya, ile isiyoumiza, mtu anaishiwa kama mtungi uliotoboka. Mtoto alikuwa amelala salama kwapani mwake. Wifi yangu alikuwa macho, midomo imekuwa ya rangi ya majivu, na kidole gumba bado kiko juu ya kitufe.

"Wifi," akasema, na ilinibidi niinamishe sikio. "Nimekuita mpaka nimechoka."

Nilifanya yote niliyofundishwa. Nilimpiga sindano ya kukaza mji wa uzazi, nikamkanda tumbo kwa mikono miwili, nikainua kitanda upande wa miguuni juu ya matofali. Mganga alikuja mbio kutoka kwa wagonjwa wa nje, akatia dripu mkono huu na mkono ule, mishipa inatukimbia. Damu ya kuongeza ilikuwa Dar es Salaam. Landrova ilikuwa imekwenda Miono kumchukua mgonjwa mwingine, na hapakuwa na la kufanya ila kusikiliza kama inarudi. Nilikuwa nimeshika mkono wake, ninamtukana kama siku zote, mvivu wewe, unalala mchana, amka umnyonyeshe mwanao. Alitabasamu kidogo kwa moja ya matusi hayo. Alikufa kabla ya adhana ya alasiri. Landrova ilifika baadaye, ikasimama uwanjani, dereva akauliza ni nani anayepelekwa.

Bibi wa kitanda cha saba hakufa siku ile. Kesho yake alifumbua macho akaomba chai. Aliishi miaka mingine, na wanawe waliniletea shukrani ya kanga, doti nzima, kwa jinsi nilivyokaa naye. Sikupata kuzivaa.

Baada ya wiki kadhaa fundi aliitwa kukagua kisanduku. Alibonyeza vitufe vyote ishirini, kimoja baada ya kingine, na kila namba ikawaka mahali pake. Akafuta mikono. "Kizima kabisa," akasema.

Nikamwambia habari ya vitanda. Akanitazama kama mtu asiyeelewa kinachoulizwa. "Lakini namba ni ya ukuta," akasema. "Kitanda hakihusiki. Imo kitabuni, vitanda visihamishwe." Sista akafungua ule mtoto wa meza akakitoa kitabu, na fundi akatuonyesha mstari. Ulikuwepo, kwa maandishi madogo, chini ya picha ya wodi safi yenye mgonjwa mmoja mzungu anayecheka.

Nilitaka kumrukia. Nilitaka kumuuliza, hao walioandika waliwahi kuona wodi ambayo paa linavuja? Waliwahi kuombwa na mtoto wa mtu wamwelekeze mama yake kibla? Na wewe mwenyewe, ulipotuona siku ile tumepanga vitanda kama gwaride, hukujiuliza kesho yake vitakuwaje? Lakini nani alivipanga kama gwaride? Hasira ikanirudia mwenyewe. Alasiri hiyo mhudumu alichukua kopo la rangi na brashi, akaandika namba ukutani juu ya kila kichwa cha kitanda, moja mpaka ishirini, kubwa za kuonekana kutoka mlangoni. Akafuta zile za kwenye vyuma. Kazi yote haikufika saa moja.

Mkubwa wa hospitali aliandika taarifa kwamba chombo ni kizima na wauguzi wakumbushwe kuwa makini. Hakuna aliyeniadhibu. Msibani watu waliniambia ajali haina kinga, siku zake zilikuwa zimetimia, usijitese. Walikuwa wanaijua ile hadithi ya damu tu, ya wanawake wengi wanaokwenda hivyo. Habari ya kengele tuliijua mimi, Sista na mhudumu, na hao wawili hawakufungua midomo.

Kaka yangu alikuwa amefika kutoka Chalinze jioni ya siku ile ile ya kifo, vumbi la mahindi kwenye nyusi, akakuta ameshakuwa mgane na baba kwa pamoja. Hakulia mbele yetu. Siku ya tatu, baada ya khitima, alinifuata uani nilikokuwa ninaosha masinia, akachuchumaa kando yangu kama tulivyokuwa tukichuchumaa utotoni.

"Nakuuliza jambo moja," akasema. "Aliita?"

Nilikuwa na sinia mkononi. Nilijua kwamba nikisema ndiyo atauliza la pili, na la tatu, mpaka tufike kwenye swichi.

"Hakuita, kaka. Alipitiwa na usingizi. Nilikuwa pembeni yake."

Akashusha pumzi, akaufunika uso kwa viganja, na hapo ndipo alipolia.

"Alhamdulillahi," akasema. "Hicho tu ndicho kilichokuwa kinaninyima usingizi. Kwamba labda aliita, akakosa mtu."

Nilishindwa kumwambia kweli siku ile, na nimeshindwa kila siku iliyofuata. Nimekwenda kwake mara ngapi nikiwa nimekusudia, nikanywa chai nikaondoka. Ameshazeeka sasa, nami nimezeeka. Amemlea binti yake kwa maneno yale niliyompa mimi, kwamba mama yake alilala tu, wala hakuhangaika, na shangazi yake alimshika mkono mwanzo mpaka mwisho. Binti ni mtu mzima, ana watoto wake. Kila Idi anakuja kwangu kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote, anapiga magoti, anauchukua mkono wangu, anaubusu na kuuweka kwenye paji la uso wake, na kunishukuru kwa ajili ya mama yake. Nami humpa mkono.